Toleo 020426

Jumatatu, 09/03/2026

Daftari jipya, kalamu ile ile. La zamani liliisha Jumamosi kwenye mstari wa mwisho kabisa na sikutaka kuanza kuandika kwenye jalada.

Mvua tangu asubuhi hapa Daraja Mbili. Kwa kuwa daftari ni jipya, niandike mambo yalivyo, ili nikilisoma baadaye nisiulize maswali. Huu ni mwaka wangu wa tano katika karakana ya mzee Ephraimu. Tunatengeneza redio, inverta na spika za makanisa, lakini kazi inayotuweka mjini siku hizi ni vipima maji. Viko vinane, kwenye mito inayoshuka kutoka mlima Meru. Kila kimoja ni boksi juu ya nguzo, lenye sola, betri na laini ya simu. Boksi linatazama maji yaliyo chini yake. Yakipita alama, linatuma ujumbe kwa honi iliyofungwa mbali kule bondeni, honi inalia, na watu wanatoka mtoni. Bondeni jua linaweza kuwa linawaka wakati mlimani mvua imeshika, ndiyo maana honi inahitajika.

Programu iliyomo ndani ya maboksi aliiandika Calvin. Mwezi Januari alipata kazi Dodoma, akaondoka. Ameniachia laptop, ufunguo wa siri wa kutilia sahihi, na daftari la kurasa kumi na moja aliloliita "Kufungasha". Amri yenyewe, ya kuifanya programu mpya kifurushi cha kutumwa kwa maboksi, aliipa maneno ya Kiswahili. Alisema, "Ili usije ukasema hukuelewa, Vai."

Jumanne, 10/03/2026

Mvua. Spika mbili za usharika, zote zimeungua koili. Nimezifunga upya.

Jumamosi, 14/03/2026

Nduruma. Nilikwenda kusikiliza malalamiko ya honi, nami nilijua yatakuwa mengi.

Honi yetu imefungwa kwenye banio, pale maji ya mto yanapogeuzwa kuingia mferejini kwenda mashambani. Mlinzi wa banio ni mzee Lemburis. Anafungua na kufunga lango kwa zamu za wakulima, na kila baada ya siku mbili tatu anaingia majini na koleo kuondoa mchanga unaoziba. Aliponiona tu akapaza sauti kunisalimu kwa Kimaasai:

"Takwenya, mama honi!"

"Iko. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuizika au kuitibu?"

Wakulima waliokuwa kwenye tuta wakacheka. Akanieleza kuwa tangu mvua zianze honi imelia mara tano na mto haujapanda hata kiganja. Jumatano ililia wakati wanapiga dawa nyanya, wakaacha mabomba na kukimbia. "Mara ya kwanza tulikimbia. Ya pili tukatembea. Ya tano mimi nilikaa nikamaliza ugoro wangu."

Nilimweleza kuwa ni majani na utando wa buibui chini ya boksi: jicho lake linadhani ni maji. Nikaahidi tutaituma programu mpya kwa njia ya mtandao, na boksi litajifunza kutofautisha.

Mkewe, Nosim, ambaye pale wote humwita yeyo, yaani mama, alinipa loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, kwenye kibuyu. Nikiwa nakunywa, mzee Lemburis akaniuliza jambo. Kabla ya honi, kila alipotaka kuingia majini alikuwa anampigia simu shangazi yangu Hanna, ambaye migomba yake iko juu, karibu na msitu, mto ukipita chini ya shamba. Anamwuliza, "Hanna, mlima umeamkaje?" Akiambiwa umeamka mweusi, haingii. Miaka kumi na miwili walifanya hivyo, na kila mavuno alimpelekea debe la maharage. Sasa kipima chetu kimesimama kwenye shamba hilo hilo la shangazi.

"Niendelee kumpigia?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Mzee, unamaliza vocha bure. Tukishairekebisha, honi ikinyamaza, mto uko salama."

"Umesema wewe."

"Nimesema mimi."

Jumapili, 22/03/2026

Honi ya Nduruma imelia tena, katikati ya ibada. Mzee Lemburis alinipigia akicheka kwa hasira: mchungaji alifika "tuombe", na watu wakatoka nje. Kamati ya mfereji inasema ikilia bure mara moja zaidi watakata waya.

Jumatano, 25/03/2026

Mvua, umeme hakuna. Mzee Ephraimu ana wasiwasi. Wageni wa mradi waliolipia vipima wanakuja wiki ijayo.

Ijumaa, 27/03/2026

Leo nimefungasha kifurushi changu cha kwanza peke yangu. Nanakili amri hapa, kwa sababu laptop inaweza kuibiwa ila daftari hili halina mwizi:

fungasha --kifaa 3 --toleo 270326 --programu honi.bin --ufunguo siri.pem

Neno "fungasha" linaiita kazi yenyewe. "Kifaa 3" ni aina ya boksi. Ukikosea hapo, boksi linakataa, na ni vizuri likatae. "Programu" ni faili lenye maagizo mapya. "Ufunguo" unatia sahihi, ili boksi lijue kifurushi kimetoka kwetu na si kwa mhuni. "Toleo" ni namba ya kifurushi. Calvin ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Namba ipande daima. Boksi halirudi nyuma." Maana yake ni kwamba boksi likishakuwa na toleo moja, halipokei lililo chini yake, ili mtu asije akalirudisha kwenye programu ya zamani.

Calvin alikuwa anahesabu tu: 12, 13, 14. Sikuupenda utaratibu huo. Ukiuliza toleo la 14 lilitengenezwa lini, hakuna anayekumbuka. Mimi nimetumia tarehe, kama ninavyoandika humu, nikaondoa mikwaju, ile mistari ya mshazari, na mwaka nikaufupisha. Tarehe inajieleza yenyewe, na tarehe hupanda daima.

Lipo neno moja zaidi, "--lazimisha". Linaliamuru boksi likubali bila kukagua chochote. Calvin: "Usiguse. Aliyelazimisha mara ya mwisho ni mimi, na boksi la Oldonyo Sambu, lililokuwa la tisa, halijafufuka mpaka leo." Sikuligusa.

Kilichobadilika ndani: zamani boksi likiona maji juu linapiga honi papo hapo. Sasa linasubiri kuona kama yanabaki juu. Nilitaka lisubiri dakika tatu. Mzee Ephraimu akasema nusu saa.

"Mzee, nusu saa ni nyingi."

"Nyingi kwa nani? Wageni wanakuja Jumatatu. Ikilia bure mbele yao, mimi na wewe tunarudi kwenye pasi na redio. Weka nusu saa, wakiondoka utapunguza."

Nimeweka nusu saa. Kifurushi kimekwenda. Vyote vinane vilijiwasha upya saa nane mchana, niliona kwenye skrini. Niliona fahari, sitaficha.

Jumatatu, 30/03/2026

Wageni wamekuja, wamepiga picha, wameondoka. Honi imenyamaza kama mzee alivyotaka.

Jumatano, 01/04/2026

Nimepanda kwa shangazi Hanna. Nusu saa ile ilikuwa inanikereketa tangu Ijumaa.

Alikuwa anaokota majani ya mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Nilipomsalimu akaitikia bila kunyanyuka. "Marahaba, mwanangu. Umekuja kunitazama mimi au lile boksi lenu?"

"Wewe, shangazi."

"Muongo. Tangu mlisimike hapa hakuna anayenipigia simu. Lemburis nilikuwa nasikia sauti yake kila wiki, sasa mpaka nimesahau anakohoaje. Mmeniachisha kazi, na maharage mmenikatia."

Nikamwuliza: maji yakipita hapa chini yakiwa yamejaa, yanachukua muda gani kufika Nduruma kwenye banio? Hakufikiri. "Dakika ishirini na tano. Nilikuwa nampigia, naweka ugali jikoni, ukiiva ananipigia yeye kwamba yamefika."

Dakika ishirini na tano. Boksi linasubiri thelathini. Nilishuka mlima nikiirudia hesabu hiyo.

Alhamisi, 02/04/2026

Sikumwuliza mzee Ephraimu. Nimebadilisha thelathini kuwa tatu. Kwanza nililijaribu boksi la majaribio la hapa karakanani: nimeliwekea programu kwa waya, nikaweka ndoo chini yake, nikajaza maji, nikashika saa. Honi ya mezani ililia dakika ya tatu kamili. Nimerudia mara nne. Mara nne.

Kisha:

fungasha --kifaa 3 --toleo 020426 --programu honi.bin --ufunguo siri.pem

Nimekituma saa kumi jioni. Skrini iliandika mara nane: kimefika. Mtandao ulikuwa unakatika kwa mvua, kwa hiyo sikuona maboksi yakijiwasha upya, ila kufika vimefika. Taarifa ya boksi yenyewe, yenye namba ya toleo, huja tarehe moja ya kila mwezi, Calvin aliipanga hivyo kubana bando. Ya Mei itaonyesha. Ningeweza kuyauliza moja moja, lakini ni kazi ya saa mbili na kesho ni Ijumaa Kuu, nami ni zamu yangu kufagia kanisa.

Nimetuliza moyo. Nimempigia shangazi nikamwambia nimepunguza. Amesema, "Nusu saa mliweka ya nini?"

Ijumaa, 03/04/2026

Ibada. Mvua ilipiga bati mpaka mahubiri hayakusikika.

Jumapili, 05/04/2026

Pasaka. Mzee Lemburis amenipigia kunitakia heri. "Mama honi, dawa yako ni kali. Wiki nzima haijalia. Mchungaji amemaliza mahubiri yote, mpaka tumechoka."

Nimecheka mpaka mama mwenye nyumba akauliza kuna nini.

Alhamisi, 09/04/2026

Mvua. Inverta tatu.

Jumatatu, 13/04/2026

Mvua. Meru haujaonekana kwa siku sita.

Jumanne, 14/04/2026

Mvua hapa. Nduruma wanasema kwao ni jua.

Ijumaa, 17/04/2026

Naandika ya jana. Jana sikuweza.

Saa kumi kasorobo nilikuwa nimeshika kichomeo cha risasi, naunga nyaya za redio. Simu ikaita, Nosim. Nilisikia kwanza honi. Honi yetu, ikilia kwa nguvu zote, na nyuma yake watu wakipiga kelele kwa Kimaasai. Nosim hakunisalimia.

"Unaisikia?"

"Yeyo, kuna nini?"

"Nakuuliza, unaisikia honi yako? Imeanza sasa hivi. Yeye ameshakwenda."

Nilipofika Nduruma jua lilikuwa bado linawaka. Hilo ndilo linalonirudia. Udongo mkavu, mbuzi wamelala kivulini, na katikati ya hayo mto wa rangi ya chokoleti umebeba magogo. Watu walisimama kandokando. Waliniambia hivi: mzee Lemburis aliingia banio saa tisa hivi kuondoa mchanga langoni, kwa sababu zamu ya Ijumaa ilikuwa ya wajane na hakutaka wakose maji. Kulikuwa na watu wawili ukingoni wakipokea mchanga. Mmoja alimwambia, "Mzee, huko juu kama kumefunga." Akajibu, "Honi imenyamaza. Mama honi alisema." Hayo alinieleza mwenyewe huyo aliyemwambia, kijana wa watu, Tajeu, akinitazama machoni. Hakuyasema kwa ubaya.

Maji yalikuja yakiwa na kimo cha mtu. Tajeu na mwenzake walishika mizizi. Yeye alikuwa katikati, koleo mkononi. Walimwona akigeuza kichwa kutazama honi juu ya nguzo, kama mtu aliyeitwa. Kisha hawakumwona.

Dakika tano baadaye honi ikaanza kulia. Ililia wakati hakuna mtu tena mtoni wa kutoka. Ililia robo saa, mpaka mtu mmoja akapanda nguzo akakata waya kwa panga.

Niliandamana na wanaume waliokuwa wanafuata ukingo hadi tukashindwa kuona miguu yetu. Hatukumpata.

Jumamosi, 18/04/2026

Wamempata karibu na daraja la chini, chini ya mgunga ulioanguka. Koti lake lilikuwa bado na vifungo vyote.

Jumatatu, 20/04/2026

Mazishi. Shangazi Hanna ameshuka na debe la maharage kichwani, la kwake mwenyewe, akaliweka mlangoni kwa Nosim. Akaniambia mimi, siyo kwa sauti ya chini:

"Alhamisi asubuhi mlima ulikuwa mweusi kama sufuria. Niliuona. Simu ilikuwa mkononi. Nikasema, aa, si wana boksi lao."

Jumatano, 22/04/2026

Nimeitazama kumbukumbu ya kipima cha shangazi. Maji yalipita alama saa tisa na dakika kumi. Yalifika banio saa tisa na dakika thelathini na tano. Ishirini na tano, kama shangazi alivyosema. Ujumbe wa kupiga honi ulitoka saa tisa na dakika arobaini.

Ulitakiwa kutoka saa tisa na dakika kumi na tatu. Angekuwa na dakika ishirini na mbili za kutoka. Kwenye banio lile mtu anatoka kwa hatua tisa. Nilizihesabu siku ya mazishi.

Mzee Ephraimu anasema ni mtandao. Mvua, mnara, ujumbe ukachelewa. Ameshaandika ripoti ya mradi: "hitilafu ya mtandao kutokana na hali ya hewa". Nataka kuamini. Nimelijaribu tena boksi la karakanani na ndoo. Dakika tatu. Dakika tatu. Dakika tatu.

Jumapili, 26/04/2026

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 28/04/2026

Mvua. Kichomeo kimeniunguza kidole, sikukiona.

2026/05/01

Ijumaa, sikukuu ya wafanyakazi. Nimekuja karakanani peke yangu kwa sababu leo ni tarehe moja na taarifa za mwezi zinakuja. Zimekuja moja moja, ya mwisho saa tano.

Kipima cha kwanza: toleo 270326. Cha pili: toleo 270326. Cha shangazi: toleo 270326. Vyote vinane.

Kifurushi cha tarehe mbili Aprili kilifika, kikasomwa, kikatupwa. Nilikaa nikaitazama ile namba muda mrefu, kisha nikaiandika kwenye kipande cha karatasi kama hesabu, siyo kama tarehe. 270326: laki mbili na sabini elfu, mia tatu na ishirini na sita. Kisha ile ya pili. 020426. Sifuri ya mbele haihesabiwi. Elfu ishirini, mia nne na ishirini na sita.

Boksi lina toleo la laki mbili na sabini. Limeletewa la elfu ishirini. Likafanya alichoandika Calvin kwa wino mwekundu, halikurudi nyuma. Mimi naanza na siku, ndivyo nilivyofundishwa darasa la tatu na ndivyo ninavyoandika humu, na siku kila mwezi huanza tena moja. Tarehe haipandi. Inapanda hadi mwisho wa mwezi, halafu inaanguka.

Na boksi la karakanani? Nililiwekea programu kwa waya. Kwa waya boksi halikagui namba. Ndoo zangu zote zilipima kitu ambacho hakipo mlimani.

Nilimwandikia Calvin. Amejibu baada ya saa nzima: "Vai. Boksi halijui kalenda. Namba ni namba tu. Pole sana." Kisha: "Ningekuambia ungeuliza." Kisha akaandika kitu akakifuta.

Ningehesabu kama Calvin, 15 mwezi Machi na 16 mwezi Aprili, lingekubali. Ningetumia lile neno lililokatazwa, lingekubali. Ningekaa saa mbili kuyauliza maboksi badala ya kwenda kufagia kanisa, ningejua siku hiyo hiyo. Nimefuata kila mstari wa daftari la Calvin, na pale tu nilipotaka kuwa na utaratibu kuliko yeye ndipo nilipokosea.

Saa saba nimefungasha upya, mwaka ukiwa mbele:

fungasha --kifaa 3 --toleo 20260501 --programu honi.bin --ufunguo siri.pem

Safari hii nimekaa nikaliuliza kila boksi. Yote manane yamekubali. Hivyo ndivyo ilivyo kazi, dakika kumi na moja kufungasha na kutuma, saa mbili kuuliza.

Kuanzia leo humu pia naandika mwaka kwanza. Haisaidii kitu.

2026/05/04

Nimemwambia mzee Ephraimu. Aliacha kufunga skrubu.

"Nani mwingine anajua?"

"Calvin."

"Basi yaishie hapo. Mto umeua, Vaileth. Mto umekuwa ukiua tangu babu zetu."

"Mzee, nusu saa ile..."

"Nusu saa niliweka mimi?"

Ni kweli, vidole vilikuwa vyangu. Akaendelea kufunga skrubu. Baada ya muda akasema taratibu, kama anajiambia mwenyewe, "Nilisema utapunguza. Si nilisema?" Nilitazama mikono yake, ilikuwa inakosa tundu. Kabla ya mwezi huu nilimwona kama mtu mkali. Leo nimeona mzee anayeogopa.

Ripoti imebaki kama ilivyo.

2026/05/06

Mvua. Hakuna kazi.

2026/05/09

Jumamosi. Nimekwenda kwa Nosim. Nilikuwa nimeandika nitakayosema kwenye karatasi ili nisiruke kitu. Alikuwa anapepeta mahindi nje. Simu ya marehemu ilikuwa dirishani, imechomekwa kwenye chaji.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba. Kaa. Kigoda hicho kina msumari, chukua kile."

Nilimsomea. Nusu saa, dakika tatu, namba mbili, boksi likakataa. Aliniacha nisome mpaka mwisho. Kisha akaniomba zile namba nimwandikie chini, kwenye vumbi. Nikaziandika kwa kijiti, moja juu ya nyingine. Yeyo aliishia darasa la nne. Alizitazama kidogo tu.

"Hii ya chini ni ndogo."

"Ndiyo."

"Mtoto angeona."

"Ndiyo, yeyo."

Akapepeta ungo mara mbili tatu, makapi yakaruka. "Na ungeandika kubwa, ingelia mapema kiasi gani?"

"Dakika ishirini na mbili kabla maji hayajafika."

"Alikuwa na mguu mbovu," akasema. "Lakini dakika ishirini na mbili angefika mpaka nyumbani, angekula na kurudi kuwatukana waliomcheka anakimbia." Alitaka kutabasamu, mdomo ukakataa. "Wale wa mradi walikuja. Walisema ni mtandao."

"Siyo mtandao."

"Nimekusikia. Sasa unataka nikufanye nini?"

Nilikuwa nimeandika yote isipokuwa hilo. Nikasema nimekuja tu ili ajue.

"Nimejua," akasema. "Mpaka jana nilikuwa naukasirikia mto, nikichoka naacha, maana mto hauna mama wa kumlalamikia. Sasa umeniletea mtu wa kumkasirikia. Ungeniachia mto wangu."

Hakunifukuza. Alinipa maji ya kunywa, nikayanywa. Nilipofika njiani niligeuka nikamwona anafuta zile namba kwa mguu, polepole, kama mtu anayefukia mbegu.

2026/05/12

Banio limejaa mchanga mpaka juu ya lango. Tajeu ameniambia kamati imetafuta mlinzi mpya, hakuna anayekubali kuingia majini. Nyanya za upande wa chini zimekauka na mto umejaa pembeni yake.

Honi wameishusha. Iko stoo ya kamati pamoja na magunia.

2026/05/16

Nilikwenda kuiomba kamati niirudishe honi juu. Niliwaambia sasa inafanya kazi, nikawaomba waje waone ndoo. Mwenyekiti alisikiliza kwa adabu. "Binti, hata Machi ulisema inafanya kazi."

2026/05/20

Mvua zinapungua. Manyunyu.

2026/05/23

Jumamosi. Labda ni mvua ya mwisho ya masika. Saa nane mchana nilikuwa karakanani, nikaona skrini inabadilika. Kipima cha shangazi: maji yamepita alama, saa nane na dakika mbili. Nikashika saa. Saa nane na dakika tano ujumbe wa honi ukatoka. Dakika tatu kamili, mlimani, siyo kwenye ndoo.

Ujumbe ukaenda kwa honi iliyo kwenye stoo, haina betri.

Nikampigia shangazi. Akasema anayaona, yanakuja na miti. Akasema pia kuwa ameshapiga simu. Mkono ulipiga wenyewe, ile namba ya siku zote.

"Namba ya nani, shangazi?"

"Ya Lemburis. Nyingine sina."

"Ikapokelewa?"

"Amepokea mke wake. Nikamwambia maji yamepanda, dakika ishirini na tano, watoe watu mtoni. Nikasikia kuku tu. Kisha akasema, ahsante Hanna, usipige tena. Mtoni hakuna mtu."

Nimebaki mbele ya skrini mpaka saa nane na dakika ishirini na saba, wakati maji yanapofika banio. Hakuna kilichobadilika kwenye skrini. Nimeandika muda, nimefunga laptop.